Muulize Shangazi wa Jikoni: Mbongo kupika Mexico, atakula nani?

Toleo lililopita nilidokeza mstari mmoja tu, kwamba chakula cha Mexico kinachouzwa hapa mjini kingi ni Mexico ya kwenye pakiti, nachos (chipsi za mahindi) na jibini la kuyeyusha basi. Meseji zilizokuja sasa! Kuna waliokubali, kuna walionuna, na kuna kijana kaniandikia barua ndefu kuliko makala yenyewe. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wote ni wa hao. Barua nimezikata kidogo na majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mpishi nina miaka 29, nilianza kwa kuosha vyombo na sasa nasimamia majiko ya moto kwenye hoteli moja huku Masaki. Kuna mama mgeni wa kutoka Oaxaca, jimbo moja la Mexico, alikaa kwetu muda, akawa anaomba kuingia jikoni ananielekeza vitu vya kwao, yaani kanifungua macho, tangu hapo usiku silali nasoma na kuangalia video. Nataka niache kazi nifungue sehemu ndogo Mikocheni ya vyakula vya mikoa ya Mexico, sio nachos. Washkaji wananicheka, wanasema we sio Mmexico na Wabongo wanataka chipsi kuku, utafunga kabla kodi haijaisha. Je yupo mtu asiye wa huko akafanikiwa na hiki kitu? Alianzaje? – Mpishi wa Kinondoni

Marahaba mwanangu, na marahaba nyingine ya ziada kwa kuanzia kwenye sinki.

Wapo, na wanajulikana dunia nzima. Ila namna walivyofika hapo ndio nataka uisome taratibu kabla hujaandika hiyo barua ya kuacha kazi.

Mchukue Rick Bayless. Mzungu kabisa, kazaliwa 1953 Oklahoma City, Marekani, wazazi wake walikuwa na mgahawa wa nyama za kuchoma za kwao kule kwa hiyo jiko kalikuta nyumbani. Chuo akasoma Kihispania na mambo ya Amerika ya Kilatini, akaenda University of Michigan kusaka udaktari wa isimu na anthropolojia, huo udaktari hakuumaliza, chakula kilishamvuta. Miaka ya 80 mwanzoni hadi 1986 yeye na mkewe Deann wakawa wanazunguka Mexico jimbo kwa jimbo, masokoni, kwenye vibanda, majikoni kwa watu, kazi yao kuuliza tu, hii pilipili unaichoma kwanza au unailoweka, hapa unaweka nyanya mbichi au za kuchoma, kwa nini jirani yako kule bondeni anafanya tofauti. Miaka yote hiyo na mgahawa wake mwenyewe hana! Ilipofika 1987 ndio akatoa kitabu cha mapishi ya mikoa ya Mexico na mwaka huohuo wakafungua Frontera Grill pale Chicago. Miaka miwili mbele wakafungua Topolobampo ubavuni mwa ile ya kwanza, hii sasa ya kukaa kwa utulivu na kuletewa sahani moja baada ya nyingine.

Kumbuka ni Chicago ya 1987, ambako kwa wateja wengi Mexico ilikuwa taco ya ganda gumu la kukaanga, nyama ya kusaga na jibini la njano juu. Yeye akaja na vitu vya Oaxaca, vya Michoacán, vya Yucatán, na kila kimoja na jina lake na kwao. Hakusema ngoja kwanza niwape walichozoea halafu nitawabadilisha polepole. 1995 James Beard Foundation, ambao tuzo zao kwa wapishi wa Marekani ndio kilele, wakamtaja mpishi bora wa nchi nzima. 2007 Frontera Grill ikachukua tuzo ya mgahawa bora, 2017 Topolobampo nayo ikachukua hiyohiyo. Hapo kati, 2010, akaitwa Ikulu ya Marekani kupika dhifa ya Rais wa Mexico wa wakati huo, Felipe Calderón. Hebu pata picha ya presha yake, unampikia rais wa Mexico chakula cha Mexico na we ni mtoto wa Oklahoma! Akapeleka nyama ya ng'ombe na mole nyeusi ya Oaxaca.

Mole nyeusi sijui kama yule mama alikuonyesha yote maana ni shughuli ya siku nzima au zaidi. Ni mchuzi mzito ambao vitu vyake vinapita ishirini, pilipili kavu za aina kadhaa zinachomwa mpaka zinakuwa nyeusi ukingoni mwa kuungua, kuna ufuta, karanga au lozi, mdalasini, karafuu, nyanya, ndizi mbivu ya kukaanga, mkate, na chokoleti kidogo mwishoni, kila kitu kinakaangwa peke yake halafu kinasagwa na kurudishwa motoni. Mtu anayekuambia mole ni sosi ya chokoleti mpotezee. Mwaka 2012 serikali ya Mexico ikampa Bayless nishani ya Tai wa Azteki, hiyo ndio heshima kubwa kuliko zote wanayompa mgeni.

Lakini kabla yake nishani hiyohiyo alishaipata mwanamke, na huyu mimi ndio kipenzi changu. Diana Kennedy, Mwingereza, kazaliwa 1923, alienda Mexico 1957 kumfuata mwandishi wa New York Times, wakaoana. Hakuwa shefu wa hoteli wala hakuwahi kuendesha mgahawa wa kumpa jina. Mume akafariki 1967, na yeye mwaka 1969 akaanza kufundisha mapishi ya Mexico nyumbani kwake New York, kitabu chake cha kwanza kikatoka 1972. Baadaye akahamia Mexico moja kwa moja, karibu na Zitácuaro kwenye jimbo la Michoacán, akajenga nyumba ya udongo, akawa analima mboga zake, anafuga, anavuna maji ya mvua. Miaka na miaka alikuwa anaendesha pikapu yake mwenyewe kwenye barabara mbovu kufuata pishi moja la kijiji kimoja, akifika anaandika na jina la aliyemfundisha. Alikuwa mkali balaa, ukimkosea pishi anakusema hadharani bila kujali we ni nani. Alifariki Julai 2022 akiwa na miaka 99. Nishani yake ni ya 1982, miaka thelathini kabla ya Bayless.

Na usije ukaondoka na wazo kwamba ni wageni tu. Zarela Martínez ni wa hukohuko, Agua Prieta, Sonora, kaskazini karibu na mpaka. Alikuwa ofisa ustawi wa jamii El Paso, akaanza kupika kwenye sherehe za watu kujiongezea kipato, akajinoa, akaishia New York ambako 1987 alifungua mgahawa wenye jina lake, ukadumu mpaka 2011. Angalia mwaka, 1987, uleule wa Frontera Grill. Na yeye mtoto wa Sonora, kule kwao ni ng'ombe na tortilla, chapati zao nyembamba, za ngano, ikabidi naye aende Oaxaca na Veracruz kujifunza upya kama mgeni mwingine yeyote, maana kuzaliwa Mexico hakukupi mole ya Oaxaca bure.

Sasa tuje kwako. Hoja ya kwamba we sio Mmexico mimi siipi uzito, ninachouliza ni umekaa na wenyewe kiasi gani, na mgeni mmoja hata awe mwema vipi hatoshi. Endelea kuwasiliana na yule mama, muombe akuunganishe na ndugu zake wanaopika, uliza, piga simu za video, pika mbele yao wakusahihishe. Ukipata nafasi ya kwenda, hata kwa kuweka akiba miaka miwili mitatu, nenda kabla hujanunua friji la pili. Bayless mpaka amekuwa mkubwa amekuwa akiwabeba wafanyakazi wake kwenda nao Mexico, wapishi na wahudumu, wakaonje kwenye chanzo ili mteja akiuliza pale mezani ajibiwe na mtu aliyekula kitu chenyewe.

Halafu hapa utanichukia kidogo. Moyo wako uko Oaxaca, nimeuona, lakini Oaxaca ya mole inakula pilipili kavu ambazo Kariakoo hamna, utaagiza kwa ndege na bei itakuua, au utaanza kubabaisha na kubabaisha ndio mwanzo wa nachos. Mimi ningeshika pwani zao. Veracruz na Yucatán. Veracruz wana samaki mzima kwa nyanya, zeituni na vitunguu, wana sosi ya karanga na pilipili kavu na kitunguu saumu inayokaa kwenye chupa wiki nyingi, inaitwa salsa macha, hiyo unaitengeneza Dar bila kuagiza kitu. Yucatán wanapaka samaki zingefuri (zile mbegu nyekundu za rangi) na maji ya danzi, wanafunga jani la mgomba, wanachoma. Samaki unaye Feri, changu wako mnadani alfajiri, jani la mgomba lipo, danzi lipo, pilipili yao kuu ni habanero na hiyo ni ukoo mmoja kabisa na pilipili mbuzi yetu. Vinywaji wanavyouza mitaani kule ni ukwaju na rozela, na rozela asili yake Afrika, ukwaju nao ulishazoeleka kwetu siku nyingi. Mteja wa Mikocheni ataonja kitu kigeni lakini ulimi wake hautashtuka. Mole iweke siku maalum, mara moja kwa mwezi, watu waweke oda na walipe kabla.

Na kazi usiache bado. Anza wikiendi, pika kwa watu ishirini kwenye uwanja wa mtu, menyu vitu vitano visizidi, uone nani anarudi. Wenye nyumba wa Dar wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mbele, ukiimwaga hiyo kabla hujajua wateja wako ni nani basi washkaji zako watapata cha kusimulia. TIN na leseni na vyeti vya afya vya wafanyakazi vianze kufuatiliwa mapema, hayo huwa yanachukua muda kuliko unavyodhani.

Shangazi, mwanangu wa kiume kamaliza digrii ya uhasibu, kazi ya maana kapata, sasa anasema anataka kwenda kusomea upishi. Baba yake hataki kumsikia. Nimsaidieje? – Mama wa Tegeta

Mama pole na hongera. Huyo Bayless hapo juu kaacha udaktari njiani, hebu msomee mzee taratibu wakati wa chai, usimsomee akitoka kazini ana njaa. Na mwambie uhasibu haupotei hata kidogo, migahawa mingi inayokufa hapa mjini haifi kwa chakula kibaya, inakufa kwa sababu hakuna anayejua sahani moja inagharimu shilingi ngapi mpaka ifike mezani. Chuo cha Taifa cha Utalii kipo hapahapa Dar na wanafundisha mapishi, akaulize. Ila kabla ya ada mwambie aombe kufanya kazi jikoni kwa mtu likizo yake nzima, asimame masaa kumi kwenye joto, miguu ndio itamjibu yeye na baba yake pia.

Mambo Shangazi! Nimejaribu kutengeneza tortilla za mahindi kwa sembe, nikajaribu na dona, zote zinapasuka, zikikauka ni kama boksi. Video zote wanasema weka maji ya moto, nimeweka mpaka nimechoka. Nakosea wapi? – Msomaji wa Ubungo

Poa. Hukosei popote mpenzi, unga wenyewe ndio sio wake. Sembe na dona ni mahindi makavu yaliyosagwa, ukiweka maji ya moto unapata ugali mgumu basi, hauna cha kushikana nao ukisukumwa mwembamba. Tortilla inatoka kwenye mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Ndio, chokaa, na wenyewe wanafanya hivyo tangu enzi na enzi kabla Mhispania hajafika kule.

Inaenda hivi. Kilo moja ya mahindi makavu mazima, maji kama lita tatu, chokaa gramu kumi hivi yaani asilimia moja ya uzito wa mahindi. Unakoroga chokaa kwenye maji, unatia mahindi, unachemsha moto wa taratibu nusu saa mpaka saa, unatoa punje moja unaisugua na vidole, ganda likiteleza linatoka na katikati bado pana ugumu, zima. Funika uache mpaka kesho yake. Asubuhi unamwaga yale maji ya njano, unaosha huku unasugua maganda yanaondoka, sio lazima yaishe yote. Hapo ndio unasaga yakiwa bado na unyevu wake, na ule mseto unaotoka ndio unga wa tortilla, wanauita masa. Ukiushika tu utaona tofauti, unanata na kujishikilia, maana chokaa imelainisha ukuta wa punje na kubadilisha wanga wake.

Na sio kunata tu. Mahindi yana niasini, vitamini B3, lakini imefungwa mwili hauipati, chokaa inaifungua, halafu na kalsiamu inaongezeka. Wazungu walipobeba mahindi kutoka Amerika walibeba mbegu wakaacha chokaa, matokeo yake Italia kaskazini na baadaye majimbo ya kusini ya Marekani maskini waliokuwa wanakula mahindi karibu peke yake wakaugua pelagra, ngozi inababuka, kuhara, akili kuchanganyikiwa, na watu walikufa kwelikweli mpaka karne ya 20. Sisi pia mahindi tuliyapokea bila chokaa, kinachotuokoa ni maharage na dagaa na mboga pembeni ya ugali.

Chokaa gani sasa, hapa nisikilize vizuri. SIO ya kupaka ukuta, hiyo haijasafishwa kwa ajili ya tumbo. Nenda Kisutu kwenye maduka ya Wahindi uombe chokaa ya tambuu, ile nyeupe nyororo, hakikisha haina rangi wala manukato. Inakuwa na maji yake kwa hiyo weka zaidi kidogo ya zile gramu kumi. Magadi usijaribu, ni kitu kingine, yatalainisha mahindi lakini unga hautashikana vilevile.

Kusaga ndio mtihani wa Dar, mashine za mtaani zinasaga kavu, ukimpelekea mahindi yaliyolowa atakufukuza. Tumia kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono pitisha mara mbili, au ile mashine ya mawe ya kusagia mchele wa dosa kama una jirani Mhindi wa kumuazima. Blenda ya kawaida itakulazimisha uongeze maji mengi na unga unakuwa uji. Mahindi meupe yetu yanafaa kabisa. Ukimaliza, kandamiza kibonge katikati ya nailoni mbili kwa sufuria nzito, oka kwenye chuma cha chapati kikavu chenye moto wa kutosha, bila mafuta, geuza mara mbili, ikivimba umefaulu.

Ukibakiwa na mahindi hujasaga, yachemshe tena mpaka yafunguke, tia kwenye mchuzi wa nyama na pilipili nyekundu kavu, umepata pozole. Kwenye jimbo la Guerrero hilo ni chakula cha Alhamisi, wanaweka la kijani, huku Jalisco wanalipenda jekundu. Watu wa makande wataelewa haraka, ni mahindi na mchuzi tu maharage hayamo, juu unarushia kabichi mbichi, kitunguu, ndimu.

Shangazi mimi nauza chakula Sinza, niliweka taco za kuku wiki mbili, wateja watatu wakanirudishia wanasema kali sana. Si nilidhani Mexico ni pilipili? – Mama Lishe wa Kisasa

Dada yangu ulitia pilipili kichaa, najua tu. Nusu ya pilipili za Mexico haziwekwi kwa ajili ya ukali, zinawekwa kwa rangi, utamu na harufu. Ancho, ambayo ni pilipili poblano iliyokaushwa, ina utamu kama wa zabibu kavu, guajillo haiumi sana, chipotle ni jalapenyo iliyofukizwa moshi. Ukali unakaa kwenye kibakuli pembeni na mteja anajipimia mwenyewe, na hivyo ndivyo vibanda vingi vya taco kule vinavyofanya. Tengeneza rojo la nyanya na kitunguu na pilipili hoho vyote vimechomwa kwenye mkaa mpaka vina madoa meusi, saga, tia chumvi na ndimu, hilo ndio la kwenye kuku. Ile ya moto isage na pilipili mbuzi moja, iweke mbali na watoto.

Shangazi kwa heshima zote, mimi hii naiona ni utumwa. Biriani na pweza wa nazi na mihogo ya Coco Beach hakuna anayeipeleka Chicago, sisi tunahangaika kupika vya Wamexico. Halafu huyo Mzungu katajirika kwa chakula cha watu wengine, hiyo ni haki? – Mzalendo wa Temeke

Mzalendo karibu, nilikuwa nakusubiri.

Hilo la pili kwanza maana ni zito. Wamelisema Wamexico wenyewe na Wamarekani wenye asili ya Mexico, kwamba mama anayeuza tamale (unga wa mahindi wa kufungwa kwenye jani na kupikwa kwa mvuke) pembeni ya barabara anafukuzwa na mgambo, Mzungu akipika kitu hichohicho anapewa tuzo. Na ni kweli, milango haifunguki sawa, mkopo wa benki, wawekezaji, kamera za TV. Mimi nadhani Bayless kazi yake ni ya uhakika, na nadhani pia mlango alifunguliwa mwepesi kuliko ambavyo angefunguliwa mwanamke wa kijijini Oaxaca mwenye ujuzi uleule au zaidi, na sioni tabu kuyabeba yote mawili kwa pamoja. Kinachomtenganisha mtu na mwizi kwangu ni kama anataja alikotoa. Ndio maana nampenda Diana Kennedy na yale majina yake ya wamama.

Siku hizi wenyewe wameshika usukani. Enrique Olvera wa Mexico City kafungua mgahawa wa Pujol mwaka 2000 na mole yake moja aliyoianza 2013 inapashwa na kuongezewa mpya kila mara, haiishi, inaletwa mezani na tortilla tu bila nyama, na watu wanasafiri kwa ndege kuja kuilamba. 2014 akaenda New York akafungua mgahawa mwingine, Cosme. Santiago Lastra, Mmexico pia, kafungua mgahawa wa KOL London mwaka 2020, Mexico tupu ila vitu vibichi vyake ni vya Uingereza, ndimu hatumii kabisa, uchachu anautoa kwenye tunda la porini la pwani za Uingereza, mahindi na pilipili kavu ndio analeta kutoka Mexico. 2022 akapata nyota ya Michelin, heshima kubwa kwa migahawa. Na nchi yenyewe ilihangaika mpaka 2010 UNESCO ikaandikisha mapishi ya jadi ya Mexico, mfano wakiwa wamechukua Michoacán, kwenye urithi wa dunia usioshikika.

Sasa la kwako la kwanza. Nakubaliana na wewe kabisa, ila uone jinsi ilivyofanyika: kwanza mikoa ikapewa majina. Sisi ukimwambia mgeni chakula cha Tanzania unamwambia ugali nyama choma, kama vile Mexico na nachos. Nani kaandika mtori wa Kilimanjaro unavyotofautiana nyumba na nyumba, nani kakaa Pemba mwaka mzima, nani anajua wamama wa Kilwa wanaanzaje mchuzi wa papa? Huyo kijana wa Kinondoni akijifunza kuuliza maswali ya namna hiyo kwa Wayucatán, atakuja kuyauliza na Kilwa. Mwache kwanza apike. Na wewe Mzalendo, kama una bibi Kilwa, nenda na daftari mwezi huu.

Asalaam aleikum Shangazi. Tunapenda kujaribu lakini naona kila kitu ni nguruwe, na maharage yao yanakaangwa na mafuta yake. Sisi tule nini? – Ummu wa Ilala

Waaleikum salaam ummu wangu. Nguruwe alikuja na Wahispania karne ya 16, kabla ya hapo kule kulikuwa na bata mzinga, samaki, maharage, maboga, mahindi, kwa hiyo usidhani ukimtoa umeharibu kitu. Maharage kaanga kwa mafuta ya alizeti na kitunguu kingi, tamale weka samli. Ukila nje lakini uliza, usione aibu, maharage ya kuponda mengi yana hayo mafuta na kwa macho hayaonekani.

Na kile chakula chao kikubwa cha Yucatán, nguruwe wa kufukiwa kwenye jani la mgomba, wenyewe wanacho cha kuku pia, pollo pibil, wala hujabuni chochote. Kuku wa kienyeji mmoja mkatekate. Zingefuri, zile mbegu nyekundu za kwenye tunda lenye manyoya ambazo ukienda mashamba ya viungo Zanzibar wanakupaka midomoni, vijiko viwili vya mezani, ziloweke usiku maana ni ngumu kama changarawe, zisage na kitunguu saumu punje sita, pilipili manga, bizari nyembamba kidogo, karafuu mbili, chumvi, na maji ya madanzi matatu manne. Danzi ukikosa changanya chungwa na ndimu. Mpake kuku, alale kwenye friji.

Kesho yake babua majani ya mgomba juu ya moto yalegee, tandika kwenye sufuria, panga kuku na rojo lake lote, funika na majani, mfuniko, mkaa chini na mkaa kidogo juu kama unavyooka mkate wa sinia. Saa moja na nusu kwa kuku wa kisasa inatosha kabisa, wa kienyeji mpe mbili. Wakati huo kata vitunguu maji vyekundu vyembamba, mimina maji ya moto, chuja, tia maji ya danzi na chumvi na nusu ya pilipili mbuzi, viache mpaka viwe vya pinki. Kama tortilla bado zinakupiga chenga kula na wali mweupe, Yucatán hakuna atakayekuja kukukamata, ila nguo nyeupe usivae, zingefuri haitoki.